Hivi kwa nini mamba alibaki na yale majitu ya baharini yakaisha yote?

#1 Baba Nambi (Jinja)
Habari zenu wakuu. Jumapili nilimpeleka binti yangu kwenye mtumbwi pale Nile inapotoka ziwani, yuko P.6 (darasa la sita), na nahodha akatuonyesha mwamba mmoja akasema wazee walikuwa wanawaona mamba wakiota jua hapo. Sasa huyu mtoto anashinda kwenye simu ya mama yake anatazama wanyama wa kale wa baharini, majina yote anayo, mosasauri, pliosauri, ikthiosauri, anayataja kama mwenzake anavyotaja wachezaji wa Cranes. Akanigeukia akauliza: Baba, kimondo kiliua mosasauri wa mita 12 mwenye bahari nzima ya kujifichia, mbona mamba wa mtoni hakufa? Nikamwambia Mungu ndiye ajuaye. Akaniambia sawa Mungu anajua, we je? Nimerudi nyumbani nimekosa usingizi kwa sababu kweli sijui. Wote wana magamba, wote wanapumua hewa, wote wala nyama, wote waliishi wakati mmoja. Mmoja leo anakula mbuzi Mayuge na mwingine ni mfupa kwenye mwamba. Mwenye maelezo asaidie, nataka nimjibu kabla shule hazijafunguliwa.

#2 Dereva wa Malaba
Jibu ni fupi, mamba ni mgumu. Kwa mjomba wangu upande wa Bugiri mamba alikwama kwenye bwawa la mashamba ya mpunga wakati wa kiangazi, karibu wiki tatu hakuna aliyemuona anakula chochote, siku ya kumtoa akaangusha wanaume watano kwa mkia mmoja. Mnyama mkubwa tumbo kubwa, njaa ikija yeye ndo wa kwanza kuondoka. Hata lori ni hivohivo, lenye injini kubwa ndo linakwama kwanza mafuta yakipanda bei.

#3 Nakato wa Masaka
Wiki tatu tu? Huku kwetu mamba anakaa miezi ndani ya udongo mkavu hali hanywi, mvua ikirudi anatoka. Watu wanamchimba kwa jembe wanamkausha kwa moshi. Mimi simli kwa sababu ni wa ukoo wa Mmamba lakini majirani wanasema ni mtamu.

#4 Dereva wa Malaba
Banange Nakato, unaongelea samaki! Mamba wa Kiswahili ni goonya kwa Kiganda. Huyo wako, mmamba wa Kiganda, ni kamongo.

#5 Nakato wa Masaka
Najua ssebo, nilitaka nione kama unasoma. Ila sijatoka nje ya mada, ukoo wa kamongo una miaka kama milioni 400, ni wa zamani kuliko mosasauri na kuliko mamba wako, na bado yuko sokoni. Kwa hiyo swali la mtoto linamhusu pia.

#6 Mwalimu wa Arua
Baba Nambi asante kwa swali, mpe huyo mtoto pongezi zangu. Kwanza tuweke majina sawa. Hao wanyama hawakuwa dinosauri, walikuwa reptilia waliorudi baharini kwa nyakati tofauti, kila kundi kivyake. Ikthiosauri umbo lake kama pomboo. Plesiosauri ana mapezi manne, wengi shingo ndefu, na ndugu zao pliosauri ndio wale wa shingo fupi na kichwa kikubwa. Halafu mosasauri, wa mwisho kuja, ni mjusi kabisa, jamaa wa kenge na nyoka.

Na hapa kuna jambo la kumwambia mtoto. Fuvu maarufu la mosasauri lilitolewa kwenye machimbo ya mawe ya chokaa Maastricht, Uholanzi, karne ya 18, na watu wa kwanza kuliona walisema ni MAMBA. Wengine wakasema nyangumi. Jeshi la Ufaransa lilipouteka mji mwaka 1794 likalibeba, hadi leo liko Paris, na ni wataalamu Adriaan Camper kisha Cuvier waliosema hapana, huyu ni mjusi mkubwa wa jamii ya kenge. Ndani ya kinywa ana safu nyingine ya meno kwenye kaakaa, juu huku, kama ya nyoka, akishika samaki harudi nyuma. Huwa nawachorea wanafunzi ubaoni hayo meno ya kaakaa na darasa linanyamaza lote.

Sasa jibu. Miaka milioni 66 iliyopita kimondo cha upana wa kama kilomita 10 kilipiga Chicxulub, Mexico. Vumbi na masizi yakafunika jua, mimea ya baharini midogo ile isiyoonekana kwa macho ikakosa mwanga ikafa, kamba wadogo wanaoila wakafa, samaki wakafa, mosasauri aliye juu kabisa ya ngazi akakosa chakula. Mtoni ni tofauti, maisha ya mtoni yanategemea sana majani yaliyooza na mizoga inayosombwa na maji, hiyo haihitaji jua la leo. Msitu ukifa ndo kwanza takataka za kula zinaongezeka mtoni kwa muda. Mamba alikuwa kwenye stoo, mosasauri alikuwa kwenye shamba.

#7 Kijana Buliisa
Mwalimu umeeleza vizuri. Mimi naongeza kwamba hao hao waliokufa ndo mafuta yetu haya ya ziwa Albert. Kuna jamaa mmoja alituambia kijiweni kwamba kila pipa ni mifupa ya mazimwi ya baharini, bahari ilikuwa hapa hapa Bunyoro.

#8 Jiwe Gumu (Wandegeya)
Kijana Buliisa pole, huyo jamaa wa kijiweni kakupoteza. Nilisoma jiolojia na nimeshika mawe ya bonde la ufa kwa mikono yangu. Mafuta hayatoki kwenye mifupa, yanatoka hasa kwenye mwani na vijidudu vya majini vilivyozikwa kwenye tope lisilo na hewa kisha vikapikwa na joto la chini. Na ya Albert, yaliyothibitishwa 2006, yametoka kwenye tope la maziwa ya kale ya bonde la ufa, sio bahari, na bonde lenyewe ni changa sana kuliko mosasauri, wakati linaanza kupasuka hao walishakufa makumi ya mamilioni ya miaka.

Bahari ya enzi za mosasauri haikufika Uganda. Iliingia Moroko, Misri, ikakata Sahara mpaka Mali, Niger na Nigeria, na pwani ya Angola ilikuwa imejaa mosasauri. Nigeria upande wa Sokoto kuna mosasauri anaitwa Goronyosaurus kwa sababu ya mji wa Goronyo. Angola kuna sehemu inaitwa Bentiaba walimpata mosasauri ana mabaki ya mosasauri wengine watatu tumboni. WATATU. Moroko kwenye machimbo ya fosfeti ndo usiseme, mwaka 2022 walimtangaza Thalassotitan, meno yake yamevunjika na kusagika kwa kuuma mifupa ya wenzake. Afrika ndo nyumbani kwa hawa wanyama na watoto wetu wanawajua kupitia video za Wazungu tu, hili linaniuma.

Sasa Mwalimu nakukosoa kidogo kwa heshima. Kimondo hakikuwaua wote. Ikthiosauri walikwisha kama miaka milioni 90 iliyopita na pliosauri wakubwa nao karibu na wakati huo huo. Kimondo kilikuta mosasauri na plesiosauri waliobaki, wengi wa shingo ndefu. Kwa hiyo mtoto akiuliza tena, swali ni mawili: nani aliua kundi la kwanza, na nani aliua la pili.

#9 Mwalimu wa Arua
Nimekubali Jiwe Gumu, niliwafunga wote kamba moja. Na hilo kundi la kwanza nani aliliua?

#10 Jiwe Gumu (Wandegeya)
Hapo wataalamu wenyewe wanavutana. Wapo wanaosema volkano za chini ya bahari zilipandisha joto na maji ya chini yakakosa oksijeni, samaki na ngisi waliokuwa wanaliwa wakabadilika. Wapo wanaosema ikthiosauri walikuwa wameacha kubadilika haraka, hali ya hewa ikayumba wakashindwa kufuata. Wapo wanaosema papa wakubwa na samaki wapya wenye mbio waliwapiku. Mosasauri hawakuwafukuza maana walikua wakubwa baadaye, walirithi nyumba tupu.

#11 Dereva wa Malaba
Hapo kwenye papa mnanifurahisha. Lakini mmemsahau mkubwa wao, Liopleurodon wa mita 25. Huyo ndo baba yao.

#12 Jiwe Gumu (Wandegeya)
Hapana bwana. Hiyo mita 25 ilisemwa na kipindi kimoja cha televisheni cha 1999 ikasambaa dunia nzima, mifupa yenyewe inaonyesha mnyama wa kama mita 6 au 7. Ni mkubwa, anakumeza, ila sio 25. Kuna mwingine Kronosaurus wa Australia, chuo cha Harvard kilimsimamisha mwaka 1959 akiwa na karibu mita 13, baadaye ikaonekana waliojenga walijaza plasta nyingi na pingili za mgongo za ziada, urefu wa kweli ni kama mita 10 hivi. Kwa hiyo ukiona urefu wa mnyama wa kale uliza kwanza wamepata mifupa mingapi.

#13 Dereva wa Malaba
Sawa nimeshuka mita 18 kwa siku moja.

#14 Nakato wa Masaka
Dereva usikate tamaa, mita 25 zipo ila si za huyo. Mwaka 2020 msichana wa miaka 11 alikuwa anatembea ufukweni na baba yake Somerset, Uingereza, wakaokota vipande vya taya ya ikthiosauri. 2024 akapewa jina Ichthyotitan, wanakadiria alifika kama mita 25, karibu sawa na nyangumi bluu. Kweli ni taya tu kwa hiyo onyo la Jiwe Gumu linabaki. Na kabla yake, miaka ya 1811 na 1812, Mary Anning alikuwa na umri kama huo huo alipochimba ikthiosauri pale Lyme Regis, kaka yake ndiye aliyeona fuvu kwanza. Baba Nambi nimeandika hii kwa ajili ya binti yako, wasichana wa P.6 ndio wanaookota hivi vitu.

#15 Baba Nambi (Jinja)
Nakato nimemsomea hiyo, amekimbilia kwenye mchanga wa ujenzi nyuma ya nyumba na kijiko. Mama yake ananiuliza mimi.

#16 Afande Mstaafu
Salaam kwenu vijana. Nimesoma kimya toka juu. Nilitumika kwenye boti za ziwa Victoria miaka mingi, kuna usiku mmoja karibu na visiwa vya Ssese maji yalikuwa yametulia kama chai, mara mgongo mrefu ukapita mbele ya boti, mweusi, ukaviringika mara tatu nne, hakuna sauti. Tulikuwa wanne na wote tuliona. Mwenzetu Muganda akazima taa akasema huyo ni Lukwata, msimsemeshe. Mnasema hawa wanyama walikwisha. Mbona wazee wa ziwani wanamjua Lukwata kabla Mzungu hajaleta hayo majina ya sauri sauri? Hata silakanti walisema alikufa pamoja na dinosauri, 1938 akavuliwa Afrika Kusini yuko hai, na siku hizi wavuvi wa Tanga wanamtoa.

#17 Jiwe Gumu (Wandegeya)
Shikamoo Afande. Ulichoona sikikatai, ulikuwepo na mimi sikuwepo. Ila kwa mosasauri au plesiosauri kuna ukuta mmoja mkubwa. Ziwa Victoria lina kina cha kama mita 80 tu na lilikauka kabisa, au karibu kabisa, kama miaka 15,000 hadi 17,000 iliyopita, tope la chini lina tabaka la udongo uliokuwa nyasi. Mnyama wa baharini wa miaka milioni 66 angejificha wapi ziwa likiwa uwanja wa nyasi? Na sisi tuko mita 1,134 juu ya bahari, angepanda na maporomoko yote ya Nile? Silakanti aliishi kwenye bahari yenye kina ambayo haikukauka hata siku moja.

#18 Nakato wa Masaka
Afande mimi ni wa huko huko upande wa Ssese kwa mama. Wengine nyumbani wanasema ni fisi maji wakiogelea kwa mstari, mmoja nyuma ya mwenzake, migongo inapanda na kushuka unaona mnyama mmoja mrefu. Wengine chatu anavuka kisiwa hadi kisiwa. Wengine kamongo mkubwa, anafika mita mbili na usiku mita mbili zinakuwa tano. Bibi yangu alikuwa anakataa yote hayo, anasema Lukwata ni Lukwata, hana haja ya kuwa kitu kingine.

#19 Afande Mstaafu
Fisi maji nawajua, hawafanyi vile. Bibi yako namuunga mkono. Hilo la ziwa kukauka sikuwahi kulisikia maishani, nashukuru, nitalifikiria.

#20 Mama Akiki (Kasese)
Wanangu hamjambo. Hili la ziwa kukauka na mnyama kupotea limenikumbusha jambo la huku kwetu. Mimi nimezaliwa Katwe, baba alikuwa kwenye chumvi. Tulipokuwa wadogo tulioga ziwa Edward na mfereji wa Kazinga bila kuogopa mamba, kiboko ndo tulimkimbia. Hakukuwa na mamba. Wageni walikuwa wanashangaa, maji yote yale, samaki wote wale, viboko wamejaa, mamba hata mmoja. Na wataalamu walishasema mifupa ya kale ya mamba ipo huku, maana yake walikuwepo wakaisha. Halafu nikiwa nimeshaolewa ndo habari zikaanza, mamba kaonekana, mamba kachukua mbuzi, na leo ukipanda boti Kazinga unawaona wamelala kandokando kama magogo. Kwa hiyo mamba naye huisha! Huisha sehemu moja, anabaki sehemu nyingine, kisha anarudi kwa miguu yake. Mwalimu uliposema mamba alikuwa kwenye stoo nikafikiri, labda hata enzi za kimondo walikufa wengi sana, ila wachache mto mmoja mahali fulani wakabaki wakajaza tena.

#21 Kijana Buliisa
Mama, shikamoo. Walirudi wakipita wapi?

#22 Mama Akiki (Kasese)
Marahaba. Wengi wanasema mto Semliki, kutoka upande wako wa Albert kupanda juu. Maporomoko na ule msitu ndo vilikuwa vinawazuia, msitu ulipokatwa kandokando wakapita. Na kilichowaua zamani wengine wanasema majivu ya volkano za Katwe, yale mashimo yenye maziwa ya chumvi, yalipolipuka maji yakawa sumu. Wengine wanabisha, wanasema mbona viboko na samaki wengine walibaki. Baba yangu alikuwa anasema ni chumvi, lakini kwake kila kitu kilikuwa chumvi.

#23 Mwalimu wa Arua
Mama Akiki hiyo ni dhahabu. Mosasauri alikosa hiyo nafasi, bahari ni moja, sumu ikiingia imeingia kwote. Mito ni maelfu, kila mmoja chumba chake na mlango wake. Narudi pale pale, maji matamu ndo yalimwokoa mamba.

#24 Jiwe Gumu (Wandegeya)
Mwalimu, sasa hapa nakukamata. Kulikuwa na mamba wa BAHARINI wakati ule, kundi linaitwa dairosauri, taya ndefu nyembamba, mifupa yao imejaa Moroko na Mali kwenye mawe ya bahari. Walikuwepo kabla ya kimondo na walikuwepo baada ya kimondo, tena baadaye wakaongezeka wakanenepa kwa sababu mosasauri hayupo. Kasa wa baharini nao walivuka. Papa wengi walivuka. Kama maji matamu ndo siri, hawa wa chumvi walivuka na nini?

Na upande wa pili kuna mamba waliokufa bila kimondo. Metriorhinkidi, mamba waliokuwa na mapezi badala ya miguu na mkia kama wa samaki, walikwisha mapema sana. Deinosuchus wa Amerika mwenye zaidi ya mita 10 alikwisha mamilioni ya miaka kabla. Sarcosuchus wa jangwa la Niger hivyo hivyo. Hata karibu na sisi, Turkana hapo ng'ambo ya Karamoja kulikuwa na mamba waliyekadiria zaidi ya mita 7, aliishi na mababu zetu wa kale, hayupo leo. Kwa hiyo usimwambie mtoto mamba walibaki, mwambie baadhi ya mamba walibaki.

Mimi naamini zaidi hoja ya damu. Mwaka 2010 wanasayansi walipima oksijeni iliyofungwa ndani ya meno ya kale, wakaona ikthiosauri na plesiosauri miili yao ilikuwa na joto la nyuzi 35 hadi 39, kama yetu, hata kwenye maji ya baridi. Mosasauri naye alionekana ana joto kuliko maji. Mwili wa moto unadai chakula kila siku. Mamba anapozwa na mazingira, moyo unapunguza mwendo, anangoja. Dereva alilisema post ya pili kwa lugha ya lori na alikuwa sahihi.

#25 Dereva wa Malaba
Naomba muda wa kufurahia post #24. Asante.

#26 Mwalimu wa Arua
Dairosauri nawakubali ila wapo wanaosema wachanga wao walikulia mitoni na kwenye maji matamu, wakubwa ndo wakaenda baharini. Ikiwa hivyo, wakubwa wote wanaweza kufa na kizazi kipya kikatoka mtoni. Na damu ya moto sio hukumu ya kifo, ndege walivuka, mababu zetu wanyonyeshao walivuka, nao walikuwa na damu ya moto. Walikuwa wadogo tu. Labda ni ukubwa basi.

#27 Jiwe Gumu (Wandegeya)
Sio ukubwa peke yake, kulikuwa na mosasauri wa mita tatu tu na hawakuvuka. Kama hoja ingekuwa ukubwa hao wangekuwa ziwani kwetu leo.

#28 Mvuvi wa Kyoga
Mimi si msomi lakini njaa naijua. Mwaka mmoja kiangazi kilikuwa kikali upande wetu wa Pallisa, kinamasi kikarudi nyuma, tukatembea mahali tulipokuwa tunapiga kasia. Kamongo tulimchimba futi moja chini amejikunja kama mtoto tumboni, amejitengenezea gamba la ute kavu, ukimwaga maji anaamka. Kwenye shimo la mwisho lenye maji kulikuwa na mamba mmoja, mita mbili hivi, tulimpitia kila siku kwenda kuteka maji upande wa pili. Siku za kwanza anatufuata kwa macho, baadaye hata macho hafungui, matope yamekauka mgongoni. Watoto walidhani amekufa. Mvua ya kwanza usiku, asubuhi hayupo, ameacha mburuzo tu kuelekea ziwani. Samaki wa kawaida kwenye shimo hilo walikufa wote, funza walikuwa wanawamaliza, na huyo mamba sikumuona akiwagusa. Sasa mnaposema jua lilizimika mwaka au miaka mimi naona yule mamba wa matope yangeweza kumpita juu. Nyangumi hawezi kulala kwenye matope. Mosasauri wenu hakuwa na mahali pa kulala.

#29 Baba Nambi (Jinja)
Mvuvi hii nimeisoma mara tatu. Kulala ni jibu ambalo hata mimi naweza kulieleza.

#30 Daktari wa Mifugo, Soroti
Niwachanganye kidogo. Tuangalie uzazi. Ikthiosauri, plesiosauri na mosasauri walizaa watoto hai majini, visukuku vipo mama akiwa na mtoto tumboni. Mamba na kasa wanataga nchi kavu wanafukia. Yai lililofukiwa ni chakula kilichofungwa na mtoto ndani yake, kwa miezi kama mitatu halihitaji mama ale. Mama wa mosasauri anabeba mimba na njaa pamoja, mimba inatoka. Hapo mayai yanaonekana ndo bora.

Lakini mayai ya mamba yana udhaifu, jinsia inaamuliwa na joto la kiota. Joto la katikati yanatoka madume, likishuka wote majike. Dunia ilipoingia giza na baridi mlitegemea viota vitoe majike matupu na ukoo ukome. Haukukoma, na kasa wengi wana mpango kama huo huo nao hawakukoma. Kwa nini, sijapata anayenieleza nikaridhika. Mamba anaishi miaka mingi, labda madume wazee walivumilia mpaka joto likarudi. Hilo ni wazo langu tu, silibebi zaidi ya hapo.

#31 Jiwe Gumu (Wandegeya)
Daktari, mayai yananipa shida kwa sababu hata miongoni mwa wanaozaa hai kuna waliovuka. Papa wengi wanazaa hai. Ila papa hahitaji kupanda juu kupumua, na wa vilindini anakula mizoga inayozama. Labda hiyo ndo stoo ya bahari.

#32 Mwalimu wa Arua
Kumbe unakubali stoo!

#33 Jiwe Gumu (Wandegeya)
Nakubali stoo. Sikubali kwamba ilikuwa mtoni tu.

#34 Nahodha wa Paraa
Habari za usiku. Natembeza watalii kwa boti kuelekea chini ya maporomoko ya Murchison, mamba ndo kazi yangu. Daktari kaongelea viota, naongeza nilichokiona kwa macho. Kiangazi cha mwanzo wa mwaka majike wanataga kwenye mchanga wa kingo, mama analala juu ya kiota au kivulini karibu, hali karibu kipindi chote hicho. Wengi wanafikiri adui wake ni simba au binadamu. Ni kenge. Wanakuja wawili, nimeshawaona, mmoja anajionyesha mbele, mama anamfukuza mpaka majini, mwingine anachimba nyuma anakula mayai mmoja mmoja kichwa juu. Mama akirudi ni maganda. Kiota kimoja kinaweza kuisha asubuhi moja.

Sasa nimesoma post #6, Mwalimu amesema mosasauri ni jamii ya kenge. Basi huyo ndugu yake mdogo bado anamla mamba mpaka leo hapa Paraa.

#35 Mwalimu wa Arua
Nahodha, nimefundisha miaka mingi na sijawahi kuviweka pamoja hivyo viwili.

#36 Dereva wa Malaba
Huku barabarani kenge tunamkwepa anavuka taratibu ulimi nje, sikujua ana ukoo wa kifalme.

#37 Baba Nambi (Jinja)
Nimemsomea binti ya Nahodha. Amekaa kimya, halafu ameuliza: kenge hashindi majini kama mamba, halali kwenye matope kama kamongo, na ndugu yake wa baharini alikufa, yeye wa nchi kavu alivukaje? Nahodha, mchanga wa viota hivyo mtu anaruhusiwa kuutazama kutoka kwenye boti? Shule zikifungwa Desemba nataka nimlete.

#38 Nahodha wa Paraa
Kutoka kwenye boti ndiyo, kushuka hapana. Njoo naye mwishoni mwa Desemba, wanakuwa wameanza kuchimba. Mwambie avae kofia na alete daftari.